Mzee Persio Ogando, Mrushaji Aliyewapima Warushaji

Ndugu, majirani na marafiki, tuliyemzunguka hapa ni Persio Ogando Frías, na kama angeweza kusema angeniambia nisome upesi, jua ni kali.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 katika makazi ya wakata miwa nje ya San Pedro de Macorís, mtoto wa nne wa Onésimo Ogando na Fidelina Frías. Alisoma hadi darasa la sita. Mwalimu wake alilalamika kwamba hesabu anaijua, ila ya besiboli tu.

Mwaka 1961 aliajiriwa katika kiwanda cha sukari, kwenye mizani ya miwa, na kila Jumapili alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya kiwanda, yule anayemtupia mpira mwenye gongo. Siku zile mrushaji alianza mchezo na kuumaliza mwenyewe, awamu zote tisa, na zikiongezwa aliendelea. Mei 1970, dhidi ya timu ya La Romana, alirusha awamu kumi na sita. Walishinda, wakambeba juu juu hadi kwa muuza ramu, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haukupanda tena kupita bega. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Jeraha lile alilivaa kama nishani, na nani angemwambia kitu?

Alifunga ndoa na shangazi yangu, Mireya Beras, tarehe 7 Desemba 1968. Walijaliwa binti mmoja, Nurys, ambaye mwaka 2005 aliolewa na Wáscar Tejeda, mrushaji aliyecheza miaka mingi katika ligi kuu kule Marekani. Wáscar alikuwa hodari, lakini hodari wa zama hizi: anarusha kwa nguvu zake zote, awamu ya tano au ya sita kocha anamtoa, wengine wanamalizia. Katika maisha yake yote ya uchezaji hakumaliza mchezo hata mmoja.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Tangu 1991 mzee alikuwa katika jopo la watu watano wanaochagua wachezaji wa kuingia Ukumbi wa Heshima wa mkoa wetu. Kura hupigwa kwa kusimama, na mmoja akibaki ameketi, jina limeanguka. Jina la Wáscar lilipoletwa mwaka 2019, wanne walisimama. Mzee alibaki kitini, na akafanya hivyo kila mwaka. Alieleza, bila kupepesa macho, kwamba mrushaji asiyemaliza ni sawa na mpishi anayeondoka wali haujaiva. Chakula cha Jumapili kikawa kigumu kumeza. Nurys alinuna waziwazi. Wáscar yeye aliomba tu aongezewe maharage.

Februari mwaka huu wa 2024 mzee alipata kiharusi. Mkono wa kushoto ukafa, na wa kulia ulikuwa umekwisha zamani. Wáscar ndiye aliyemwogesha na kumchana nywele. Asubuhi moja, nikiwapo, Wáscar alikuwa akifunga chandarua juu kabisa, mikono yote miwili imenyooka. Mzee alimtazama kwa muda.

"Huo mkono hauumi?"

"Hauumi, mzee. Walikuwa wananitoa mapema."

Mzee akamgeukia shangazi. "Mireya, si kwamba sisi tulikuwa wanaume kuliko hawa. Tulimaliza michezo kwa sababu hakuna aliyekuja kututoa."

Tarehe 8 Juni alipelekwa kikaoni kwa kiti cha magurudumu. Jina la Wáscar lilipotajwa, aliwaomba wenzake wamnyanyue. Walimshika makwapani, akasimama. Aliporudi nyumbani alimpa Wáscar habari yeye mwenyewe, kwa ulimi mzito.

"Asante, mzee," Wáscar alisema. "Lakini ungeniambia hapahapa mezani, miaka ile, ningetosheka."

Mzee alilia. Sote tulilia, na sioni aibu kulisema hilo mbele yenu.

Alifariki jana, tarehe 21 Juni, nyumbani kwake, baada ya kahawa ya asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini. Ameacha mjane, Mireya. Binti yake, Nurys. Mkwe wake, Wáscar. Wajukuu wawili, Leidy na Onésimo. Na dada yake, Eufemia. Mungu ampokee mzee wetu na ampe pumziko.

Sasa tunaelekea makaburini. Kama ilivyo desturi yetu, wachukuzi wa jeneza watapokezana kila kona. Wáscar ameomba asipokewe na mtu mpaka mwisho, na familia imekubali.