Kadi ya Mama Ciku Yagoma India

Kijiwe chetu kiko Majengo, mjini Meru chini ya Mlima Kenya, ubavuni mwa bucha ya Idrisi. Ndani Idrisi anauza nyama, nje anauza kahawa ya tangawizi, na benchi ni moja tu, refu, limeinama upande wa barabarani. Wa kudumu ni wachache. Kuna Kaimenyi, aliyeendesha malori hadi magoti yakamkatalia; tunamwita Ripota kwa sababu habari haipiti kwake bila kuongezwa kitu. Kuna Ndambiri, mtu wa Embu aliyekuja huku kutengeneza redio akaoa hapa hapa. Huyo ni Injinia. Mimi nina kibanda cha kushona viatu hatua chache kutoka hapo. Halafu kuna Gitobu, anayeleta viazi kutoka Kibirichia, na ambaye hatujampa jina la utani kwa kuwa haongei vya kutosha kujipatia moja. Jumatano moja Gitobu alifika bila viazi. Aliketi mwisho wa benchi, simu mkononi, na Idrisi alipompa kikombe alikipokea akasahau kunywa.

Sote tulijua mkewe yuko India. Mama Ciku, Gatakaa kwa jina, alikuwa amempeleka binti yao wa miaka kumi na mmoja kufanyiwa upasuaji wa moyo. Kanisa lao lilichanga, soko likachanga, Idrisi akapitisha bakuli msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Pesa zote ziliwekwa kwa akaunti ya Mama Ciku, naye akasafiri na kadi moja ya benki, ndani ya soksi.

— Imekataa, Gitobu akasema.

— Nini imekataa? Ripota akauliza.

— Kadi. Karani wa hospitali ameijaribu mara tatu. Mashine inasema hapana.

— Pesa si iko?

— Iko. Nimeiona mwenyewe kwa benki kabla waende. Upasuaji ni kesho asubuhi, lakini lazima walipe leo kabla ofisi ifungwe. Wasipolipa, kitanda kinapewa mtoto mwingine, na wao wangoje hata wiki tatu.

Ciku tulikuwa tukimjua. Alikuwa akija na baba yake sokoni likizo, anakaa juu ya magunia, kucha zake za bluu kwa huo ugonjwa wa moyo.

Aliyeanza ni Ripota, kama kawaida.

— Mimi nakuambia hivi, Baba Ciku. Wahindi hawajui hiyo benki yenu. Mtu akikuletea noti ya nchi hujawahi kusikia, utaichukua?

— Si noti, ni kadi, nikasema.

— Kadi ni noti imekauka.

Injinia alitikisa kichwa, akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue darasa limeanza.

— Hapana, shida ni baridi. Ile ndege inapita juu sana. Na kile kitu cha dhahabu kwa kadi, kile kidogo kama kucha, kikishikwa na baridi kinalala. Mimi nimeona redio zikilala namna hiyo, za watu wa Timau kwenye baridi. Dawa ni joto. Mwambie aiweke kwapani.

— Kwapani?

— Nusu saa. Isiwe jua, jua itaikunja.

Katika hali nyingine Gitobu angetabasamu akatazama chini. Siku hiyo alipiga simu papo hapo. Tulimsikia Mama Ciku akiuliza mara mbili, "Kwapani ya nani?" halafu akakubali.

Tukangoja. Idrisi alikata nyama ya mteja, akarudi na birika.

— Lakini hata hivyo, Ripota akaendelea, mnasahau mambo ya saa. India wako mbele yetu. Saa hii sisi ni asubuhi, wao wamekula chakula cha mchana. Sasa mashine ya huko inauliza benki ya Meru kuhusu pesa ya saa saba. Benki ya Meru inaangalia, inaona saa saba haijafika. Itatoa pesa ya saa haijafika?

— Kwa hivyo tungoje saa saba? Gitobu akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

— Ngoja, ngoja, Injinia akasema. Na hii mawingu? Angalia mlima. Toka juzi hatujauona. Hizo habari za benki zinapita hewani, na hewa ya hapa yote imesimamiwa na mlima. Kama mlima umejifunika...

— Wacha mlima! Idrisi akasema. Mimi nimepokea pesa kwa simu saa hii hii, na mawingu ni hayo hayo.

— Yako ni ya karibu. Haipandi juu.

Simu ikaita. Gitobu akaiweka kwa sauti ili sote tusikie.

— Baba Ciku, hii kadi imepata joto mpaka inanata. Nimempa karani, ameishika kwa karatasi. Bado imekataa.

— Amesema nini?

— Anasema niongee na benki yangu. Mimi nimemwambia benki yangu iko Meru, naye anasema pole, mama. Kuna mstari nyuma yangu. Nifanye nini?

Gitobu akasema tu, "Ngoja kidogo," akakata. Kahawa ilimwagikia suruali yake, na sidhani kama alihisi.

Hapo Ripota alisogea karibu naye akateremsha sauti. Na ninataka nimtendee haki Ripota: alikuwa anataka kusaidia.

— Kuna kijana namjua Nairobi. Alifungulia shemeji yangu kadi ilipofungika. Dakika kumi tu. Unamtumia namba ya kadi, zile tatu za nyuma, na ile namba ya siri. Anaingia ndani kwa kompyuta, anafungua, anakuachia.

— Na anataka nini?

— Kitu kidogo ya soda.

— Ripota, nikasema, namba ya siri apewe mtu?

— Kwani iko njia ingine? Wewe uko nayo? Sema basi!

Idrisi alisema hilo jambo halimpendezi hata kidogo. Gitobu alikuwa amekwisha kuanza kumwandikia mkewe ujumbe. Nilikuwa nimekaa karibu, nikausoma: *Nitumie namba zote za kadi na ile ya siri.* Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma.

Wakati huo Sharifa alitokea. Ni binti wa dada yake Idrisi, amerudi mwaka jana baada ya kufanya kazi dukani huko Maskati, Omani. Alikuja kuchukua kilo moja ya maini, akatuona tumeinama juu ya simu moja kama watu wanaotazama jeraha.

— Shikamooni. Mjomba, kuna nini?

Idrisi alimweleza kwa maneno machache: mtoto, upasuaji, kadi, karani. Sharifa alisikiliza huku akimwangalia Gitobu.

— Mama ya mtoto, laini yake ya huku iko wapi?

— Laini ya simu? Injinia akauliza. Hiyo inaingiaje kwa mambo ya kadi?

— Nauliza tu, iko wapi? Ile aliyoandikisha benki.

Ripota akamtazama Injinia. Injinia akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Gitobu, naye akasema polepole:

— Walipofika alinunua laini ya huko. Ndiyo tunaongea nayo. Ile ingine... sijui.

— Basi, benki imeona kadi ya mtu wa Meru inatumika India bila yeye kuaga, ikashtuka. Ikafikiri ni mwizi. Ikafunga kadi, ikamtumia ujumbe kumuuliza. Sasa ujumbe unaenda kwa laini imezimwa. Mimi ilinipata wiki ya kwanza Maskati. Nililala na njaa pesa zangu zikiwa benki. Baba, tafadhali usitume hiyo kitu.

Alikuwa ameuona ule ujumbe. Gitobu aliufuta, herufi moja moja, mpaka ukaisha. Kisha akapiga simu.

— Mama Ciku, laini yako ya Kenya iko wapi?

— Laini? Niliitoa. Nilifunga na kitambaa. Ama niliweka kwa pochi... Aki sijui, Baba Ciku, wacha niangalie.

Tulisikia zipu, funguo, karatasi, na karani akisema kitu kwa Kiingereza cha haraka. Zipu tena. Mama Ciku akaanza kuongea na Mungu kwa Kimeru, taratibu, kama mtu anayemlaumu jirani. Halafu kwa mbali, sauti nyembamba:

— Mami, uliweka kwa kava ya Bibilia. Niliona.

— Iko! Iko hapa, Baba Ciku!

Simu yake ilikuwa na nafasi ya laini mbili. Sharifa akamwambia aiingize, angoje ishike mtandao wa huko, na benki ikiandika namba ya kupiga aangalie kama ni ile ile iliyo nyuma ya kadi, asipige ingine. Kisha akatugeukia.

— Kupiga kutoka huko ni ghali. Hiyo laini ina kredo?

Haikuwa nayo. Ripota ndiye aliyeinuka kwanza, na magoti yake yale. Alivuka barabara akaenda kwa muuza kredo ya simu, sisi nyuma yake, kila mtu akanunua aliyoweza, tukaituma kwa laini ya Mama Ciku. Idrisi alituma na mikono yenye damu ya ng'ombe, simu yake ikabaki na alama nyekundu.

Halafu kungoja. Hakuna aliyeleta nadharia. Gari la takataka lilipita, tukalisikiliza hadi likapotea kona ya msikiti.

Simu ikaita.

— Nimeongea nao! Wametuma jumbe nne tangu asubuhi, zote zimeingia pamoja. Wameniuliza jina la mama yangu, wameniuliza kadi niliitumia wapi mara ya mwisho. Nikawaambia hapo Meru mjini, nikinunua sweta ya Ciku. Yule dada akasema, sawa mama, tumefungua. Ngoja, karani anaingiza. Ngoja... Inaniuliza nilipe kwa shilingi ama kwa rupia!

— Shilingi! Ripota na Injinia wakapaza sauti pamoja. Pesa yetu!

— Rupia, mama, Sharifa akasema akiinamia simu. Chagua ya huko huko. Ukichagua shilingi, mashine inakupigia hesabu yake yenyewe, inakukata zaidi.

— Huyo ni nani?

— Ni mtu anajua, Gitobu akasema. Weka rupia.

Tulisikia mlio mdogo, kisha sauti ya karatasi ikitoka mashineni.

— Imekubali, Mama Ciku akasema. Imekubali, Baba Ciku. Amenipa risiti.

Gitobu hakupiga kelele. Aliiweka simu kwenye paja, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakaanza kutikisika. Idrisi alimshika shingoni kwa mkono wake mzito. Sisi wengine tukaangalia barabara. Ripota alijifanya ana vumbi jichoni, na hakuna aliyembishia.

Alipovua kofia alimtafuta Sharifa.

— *Nibwega mono*, asante sana, mwanangu, akamwambia. Sijui nikupe nini.

— Nipe jina lake tu, nimwombee. Ni Ciku nani?

— Ciku wa Gitobu.

Sharifa akachukua maini yake. Idrisi alikataa pesa.

Kesho yake tulifika mapema wote, hata mimi ambaye kibanda changu sifungui kabla ya jua kupata nguvu. Gitobu alikuwa ametutangulia. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu na koti alikuwa amelifunga vifungo vibaya. Mchana ndipo Mama Ciku alipopiga. Alisema maneno machache: Ciku ametoka kwa upasuaji, daktari ameridhika, anapumua mwenyewe, kucha zimekuwa za rangi ya mtu. Gitobu aliuliza, "Kweli?" mara nyingi kiasi kwamba mkewe alianza kucheka, na kicheko chake kikajaa benchi lote.

Baada ya simu alikunywa vikombe viwili mfululizo, akaegemea ukuta wa bucha, akalala. Alilala mdomo wazi, kofia imemwangukia kifuani.

— Unaona, Ripota akaanza, ile joto ya kwapani inaweza kuwa...

— Shh!

— ...inaweza kuwa ilisaidia kidogo, akamalizia kwa kunong'ona.

— Ilisaidia kuiamsha, Injinia akanong'ona. Benki ikafungua kitu tayari imeamka.

— Uongo, Idrisi akanong'ona kutoka dirishani. Hiyo kwapa ilichelewesha tu.

Ikawa hivyo mpaka alasiri, ubishi wote bila sauti, mikono ikirushwa hewani kama ya watu wanaofukuza nyuki. Mgeni mmoja mwenye begi alisimama kununua kahawa. Akatutazama, akamtazama Gitobu aliyelala, naye pia akashusha sauti.

— Wazee, huyu ni mgonjwa?

— Hapana, nikamwambia. Yeye ni mzima kabisa.

— Sasa mbona mnanong'ona?

Tukaangaliana, kila mmoja akingoja mwenzake aeleze ilivyoanza. Idrisi alimjazia kikombe, akamwonyesha nafasi kwenye benchi, akamwambia akae polepole.