Mama Mchungaji na Mimbari Iliyomzidi Kimo

Ndugu, majirani na waumini wenzetu, kwa niaba ya familia, mimi mwanawe wa pili nawasomea kwa ufupi maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mchungaji.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa sita wa fundi cherehani na mkewe, akasoma shule ya msingi karibu na kwao kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari na chuo cha ualimu, akafundisha hesabu kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia chuo cha uchungaji mwaka 1984. Alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, tarehe 14 Desemba 1974, wakajaliwa watoto wanne, nasi tukawapa wajukuu tisa.

Mwaka 1989 aliletwa katika kanisa hili, mwanamke wa kwanza kulichunga, akaikuta mimbari iliyotengenezwa kwa kimo cha mtangulizi wake, mtu mrefu kama mlingoti, hivyo Jumapili ya kwanza waumini waliona kilemba tu. Katibu wa wazee, ambaye hakuwa ameficha kwamba hamtaki, aliuliza kwa nguvu, "Sauti tunaisikia, mhubiri yuko wapi?" naye mama akajibu, "Imani ni kumwamini usiyemwona, anzeni na mimi."

Kamati ilikaa kikao baada ya kikao, wengine wakisema mimbari ikikatwa wageni warefu watateseka, wengine kwamba jukwaa likiinuliwa wanaokaa mbele wataumwa shingo, na walipokuwa wakibishana mama alihubiri akiwa juu ya kreti la soda, ambalo lililia kila aliposisitiza neno, watoto wakacheka, mpaka akajifunza kusisitiza kwa kunyamaza.

Tarehe 12 Mei 1991, katikati ya mahubiri, kreti liliteleza, akaanguka na kuvunjika mkono, kisha sauti yake ikasikika kutoka sakafuni, "Mniwie radhi, hoja ya tatu nitaitoa nikiwa nimekaa," na akaitoa yote ndipo akakubali kupelekwa hospitali. Kesho yake katibu wa wazee, bila kusubiri kamati, alikuja na msumeno, akaikata mimbari kwa mikono yake, akamwambia, "Njoo upime mwenyewe, mchungaji," na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo. Wageni warefu waliolalamika baadaye, mama aliwajibu kwamba kuinama kanisani hakujamuua mtu.

Alistaafu mwaka 2013. Ugonjwa wa moyo ulimwanza Januari mwaka jana, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne asubuhi, baba akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliohakikisha baba anakula, na wachungaji wenzake waliomwombea bila kuchoka.

Mama, umesimama mbele yetu miaka mingi, sasa keti, upumzike.