Yai Lililogoma Nyakato

Tangu kiwanda cha nguo kipunguze watu, benchi la kahawa la mtaa wa Nyakato hujaa mapema. Kahawa anauza Wilhelmina, ambaye wote humwita Dada Mina. Asubuhi hii alikuja na mabirika mawili na kapu lenye kuku mwekundu. Tangu jana kuku huyo anachuchumaa, anajikamua, anainuka, anachuchumaa tena, na yai halitoki. Ugonjwa wa mdondo ulimwachia Mina huyu mmoja kati ya kuku kumi na wanne. Alikuwa akimimina kahawa huku macho yakiwa kapuni, na kikombe cha kwanza kilimwagika.

— Mnaonaje jamani? Huyu naye akifa, banda nalivunja nipikie kuni zake.

Spana, aliyekuwa fundi wa mashine za kufuma, ndiye aliyeanza.

— Mashine ikigoma hivi, kuna mahali pamekauka. Umempa grisi?

— Grisi kwa kuku, Spana?

— Miaka kumi na moja nimefungua mashine, dada. Kila kitu kina njia ya kutokea.

— Ndiyo maana na wewe walikuonyesha yako, alisema Soko Huria.

Huyo jina lake alilipata kwa kulaumu soko huria kwa kila jambo, hata mkewe akiunguza wali.

— Tatizo ni chakula cha mifuko, aliendelea. Mmemlisha chakula cha nje, ametengeneza yai la nje. Tumbo ni la hapahapa Nyakato. Litapita wapi?

— Huyu anakula pumba, Mina alisema. Pumba na dagaa.

— Hata pumba siku hizi zimebinafsishwa.

Kuku alitoa mlio mwembamba, kama bawaba ya mlango. Mina aliweka birika chini, akaliinua, akaliweka tena.

— Nifanye nini sasa?

Redio, asiyekosa taarifa ya habari hata moja, alikohoa.

— Wote mmepotea. Ni ndege za kusafirisha minofu ya samaki. Zinapita hapa juu zimeshiba sangara, mabati yanatetemeka. Yai lilikuwa limekaa vizuri, ndege ikapita, likakingama.

— Hiyo umeisikia wapi? Spana aliuliza.

— Sijaisikia. Nimefikiri.

— Basi ndege ikirudi, litanyooka.

— Inategemea imetokea upande gani, bwana.

Spana aliokota kijiti, akachora ndege mchangani, na yai chini yake. Soko Huria akasema mabawa ni mafupi. Redio akayafuta kwa kandambili, akachora yake. Kuku alikuwa amefumba macho.

Bernadeta, mama muuza viazi, alifika hapo na mzigo kichwani. Alikuwa ameshuka kwenye kivuko kutoka Sengerema asubuhi hiyo.

— Shikamoo mama, Mina alisema.

— Marahaba mwanangu. Mbona wazee wazima mmeinamia mchanga?

Mina akamweleza. Bernadeta alitua mzigo, akachungulia kapuni, kisha akawatazama wanaume mmoja mmoja.

— Yai liko wapi? Limefika karibu au bado liko juu?

Spana alimtazama Redio. Redio alitazama mchoro.

— Nani amempapasa?

Mina alihisi uso unawaka. Tangu jana na yeye alikuwa anamzunguka tu kuku wake, anaogopa kumshika asije akalivunja yai.

— Maji ya vuguvugu na mafuta kidogo ya pamba, Bernadeta alisema. Kisha kidole. Polepole.

Mina alichukua birika la pili, maji aliyoyatenga kwa kahawa ya saa nne, akayamimina yote kwenye beseni la kuoshea vikombe, akayapoza kwa maji ya ndoo. Akamkalisha kuku humo. Chupa ya mafuta aliifuata nyumbani mbio, bila viatu.

— Dada Mina, Spana alinyoosha kikombe, na sisi je?

— Kahawa imekwisha.

— Lakini ndiyo kwanza saa tatu.

Mina alipiga magoti kando ya beseni, akachovya kidole kwenye mafuta. Mkono mmoja ulikuwa chini ya tumbo la kuku, joto, manyoya yamelowa. Kidole chenye mafuta kilitafuta taratibu, kikagusa kitu kigumu, karibu kuliko alivyodhani. Kuku akajikamua. Yai likasogea.