Mikono kwa Magoti: Maisha ya Mwalimu Levis Odoyo

Mchungaji, walimu kutoka Migori na nyinyi majirani wa Kasipul, naitwa Phanice Awino, mdogo wa marehemu, nimepewa karatasi hii kwa sababu mimi ndiye mwenye degree na sina kazi ya kukimbilia, basi mnivumilie.

Mwalimu Levis Odoyo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1985 hapa Oyugis, wakati wa palizi, ndiyo asili ya jina Odoyo, akasoma shule ya msingi nyuma ya soko, akamaliza sekondari Homa Bay mwaka 2003, alikocheza raga mpaka akavunjika kidole, kisha akasomea ualimu na kuanza kufundisha Migori Januari 2009, mwaka ule ule tuliomzika baba, aliyeanguka shambani akiwa na miaka arobaini na sita. Alimwoa Mellen Bochaberi tarehe 8 Desemba 2012, wakajaliwa Liz na Byron, na mimi nikaongezeka kwao kama mtoto wa tatu baada ya interview saba za bure.

Kila Kombe la Dunia la raga, Odoyo alizipima timu mapema, mechi mbili za kwanza tu, na kwenye daftari lake hakuandika pointi, aliandika ni wachezaji wangapi, baada ya dakika ya sitini, refa akipuliza filimbi, wanainama na kushika magoti, maana anayeishiwa pumzi mapema, alisema, hata akishinda leo hafiki mbali. Tarehe 10 Septemba mwaka huu wa 2023 Fiji ilifungwa na Wales, yeye akaipa A, na Mokaya, mwenye hoteli tunayotazamia mechi pale Migori, akamcheka mbele ya watu, "Mwalimu, timu imechapwa na unaipa A? Ndio maana watoto wetu wanafeli!" Jumapili iliyofuata Fiji ikaichapa Australia 22 kwa 15, hoteli yote ikasimama, Mokaya akapiga kelele, "Omera, ndugu yangu, nimekubali!", na Odoyo akainama, akashika magoti yake mawili.

Tulidhani anacheka. Mimi niliyekaa kando yake, daftari likiwa mkononi mwangu, nikacheka pia.

Kumbe tangu Julai alikuwa akisimama kuvuta pumzi katikati ya kilima cha shule, akisingizia vumbi la chaki. Jumatatu alilazwa Migori, akahamishiwa Homa Bay, daktari akasema moyo umetanuka, pengine kwa miaka, na Jumatano tarehe 20 Septemba, saa nne asubuhi, akatuacha, umri wake miaka thelathini na minane. Wale mnaonong'ona eti alirogwa kule mpakani Isebania, please, nyamazeni, daktari aliuliza baba alikufa vipi, nilipomjibu akaniangalia mimi, akasema ugonjwa huu hutembea ndani ya familia, nirudi nipimwe.

Sijarudi. Jana nikipanda na maji kutoka mtoni nilisimama mara mbili, na mara ya pili mikono yangu ilikuwa kwa magoti, nikageuka kuangalia kama kuna aliyeniona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani mliopika na kuchimba, na Mokaya, aliyesafiri kutoka Migori kuja kumzika. Sasa nimeshasema mbele yenu, siwezi kujificha tena: Jumatatu saa mbili asubuhi Mellen atatupeleka Homa Bay kupimwa, mimi na Liz na Byron, na nikianza visingizio, yeyote aliye hapa anishike mkono anisukume ndani.

Odoyo, nyoosha mgongo sasa, upumzike kwa amani.