Chupa Mbili Juu ya Benchi

Asubuhi hiyo benchi la kijiweni lilikaliwa na chupa mbili, na wanaume watatu wakasimama. Benchi lenyewe ni ubao mrefu tu uliolazwa juu ya matofali, pale kwenye kona ambapo lami inaishia na vumbi linaanza. Upande mmoja kuna geti la yadi ya kuoshea vifusi. Upande wa pili njia inateremka mtoni. Mama Birika huuza kahawa hapo kila siku, birika juu ya mkaa, vikombe ndani ya beseni, na wateja wake wa kudumu hawakosi: Fundi Pima, mwashi asiyeamini ukuta wowote mpaka auwekee pimamaji; Gia Tano, dereva wa lori la mchanga, ambaye hata akitembea kwa miguu anaendesha; na Redio, mshona viatu, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyejua kitufe cha kumzima. Fundi alikuwa amepewa kazi ya kujenga wodi ya kujifungulia kwenye zahanati, na kabla ya saa sita mchana alitakiwa aseme mchanga utoke wapi: mtoni kama siku zote, au yadi, ambako siku hizo walikuwa wakiosha kifusi cha jela kuukuu iliyobomolewa. Ndiyo maana alileta chupa. Yenye kifuniko chekundu ilikuwa na mchanga wa mtoni, aliouleta Gia Tano mwenyewe kutoka kwenye lori lake. Yenye kifuniko cheupe ilikuwa na mchanga wa yadi. Fundi akatia maji, akaomba chumvi kidogo kwa Mama Birika ili tope litue upesi, akazitikisa kwa nguvu, akaziweka chini. Kisha akatoa amri: mtu asikae, ubao ukitikisika kazi inaanza upya.

– Mimi nimekuja kunywa kahawa au kusimamia mtihani? akauliza Gia Tano.

– Simama, bwana, Redio akamwambia. Kila siku uko juu ya kiti cha lori. Hayo makalio yapewe likizo.

– Fundi, tutasimama mpaka lini?

– Mpaka maji yaseme.

– Maji yaseme nini? Mchanga wa mtoni ni mchanga wa mtoni! Umeoshwa na Mungu mwenyewe, bila umeme, bila bomba. Wewe unataka uliooshwa na wasichana wa yadi wenye mabuti?

Mama Birika alicheka pamoja nao, lakini jicho lake halikutoka kwenye zile chupa. Nyumba yake iko kule chini, kwenye kona ya mto. Mwaka juzi, kutoka ukuta wa jiko lake mpaka ukingoni zilikuwa hatua ishirini. Jana jioni alitembea tena: hatua sita. Wachimbaji wanazidi kuchota, na mto unazidi kusogea upande wake, kama mgeni anayevuta mkeka kidogo kidogo. Wodi ile ilihitaji tripu arobaini. Zikitoka pale kwenye kona, jiko nalo litaondoka. Hakumwambia mtu. Angesemaje? Gia Tano alikuwa mteja wake, na watoto wake wanakula kwa lori lile lile.

Redio hakuweza kuvumilia kimya kwa muda wa kikombe kimoja.

– Mimi wasiwasi wangu si tope, alisema. Wasiwasi wangu ni jela. Mchanga uliokaa jela miaka sitini, leo unaenda kujenga wodi ya wazazi? Mtoto atazaliwa mle, badala ya kulia atauliza anatoka tarehe ngapi.

– Acha hizo, Redio.

– Nakwambia! Manesi watapiga hesabu ya watu asubuhi na jioni. Mama amejifungua salama, mume amekuja kumchukua, mlango haufunguki. Ukuta umezoea kukataa.

– Na ule wa mtoni je? Fundi akamuuliza. Nao una tabia?

– Ule umezoea kuondoka. Utajenga ukuta Jumatatu, Ijumaa uko kwa jirani.

Hapo hata Gia Tano alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Mama Birika akampa kitambaa, na kwa kuwa wote walikuwa bado wanacheka, akaona ndiyo nafasi yake ya kusema.

– Mimi nimeingia mle yadi, alisema. Siku ile walipoagiza birika mbili. Nimeona kwa macho yangu.

– Haya, mama, tupe habari.

– Kifusi kinaingia kimebeba kila kitu: plasta, nondo, mbao zenye misumari, mpaka vipande vya sahani. Kwanza wanachambua. Nondo huku, mbao huku. Halafu mashine inavunja mabonge, chekeche linatikisa, na maji yanapiga kutoka juu, yanapiga, yanapiga. Kokoto inatokea mlango wake na mchanga unatokea mlango wake. Niliushika. Ulikuwa kama mchele uliooshwa mara tatu, maji yanatoka meupe.

– Na yale maji machafu? Gia Tano akadakia. Si wanayamwaga kwenu huko mtoni?

– Hawamwagi hata kikombe. Yanaingia kwenye tangi kubwa, tope linazama, maji masafi yanarudi juu kuosha tena. Lile tope wanalikamua kwa mashine nyingine mpaka linakuwa kama mkate, wanaenda kuzibia shimo la machimbo ya zamani, lile ambalo watoto walikuwa wanatumbukia.

– Ngoja, ngoja, akasema Redio. Maji ni yale yale? Tangu wafungue?

– Yale yale. Wanaongeza kidogo tu, yale yanayokauka.

– Basi hayo maji yameshakuwa na uzoefu kuliko Fundi! Siku moja watafika asubuhi wakute yameshaamka, yameshaosha, yanadai likizo ya mwaka. Mkiyachelewesha yanagoma.

– Cheka tu, Mama Birika akamjibu. Mimi huosha vikombe kwa maji ya beseni moja asubuhi nzima, nikajiona najua kubana. Mle yadi nilijiona mfujaji. Jumba zima limeangushwa, na hawakutupa hata kijiko. Nilisimama pale mpaka kahawa ikapoa.

Fundi Pima akamtazama Mama Birika, kama anayeona dirisha kwenye ukuta alioudhani hauna.

– Hata kwenye machimbo ya mawe siku hizi wanaosha kokoto, alisema. Ya nguzo nitaichukua huko, maana nguzo sichezi nayo. Lakini ukuta, plasta na sakafu... hapo ndipo nasubiri chupa. Mwaka huu nimebandua plasta mbili zilizopasuka. Mchanga ulikuwa na tope, na jina lililochafuka ni langu.

– Mchanga wangu? Gia Tano akauliza.

– Sikukutaja.

Jua lilipopanda usawa wa geti, maji ya chupa nyeupe yalikuwa yanapitisha mwanga. Fundi akapiga magoti mbele ya benchi kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Kwenye chupa nyeupe, juu ya mchanga, tope lilikuwa jembamba kama ukucha. Kwenye chupa nyekundu lilikuwa nene kuliko kidole chake cha gumba, na maji bado yalikuwa na rangi ya chai. Tena juu kabisa kulikuwa na vitu vyeusi vinaelea.

– Hivyo ni nini? akauliza Gia Tano, sauti imeshuka.

– Baruti, Redio akasema mara moja. Mto huu zamani ulikuwa na vita. Au mayai ya samaki. Mayai ya samaki aliyeungua.

– Samaki ataungulia wapi majini?

– Ndiyo ujue vita vilikuwa vikali!

Mama Birika akaweka birika chini, akainama. Vitu vile vilikuwa punje ndogo, nyeusi, zimekauka kisha zikaloa. Katikati yake kulikuwa na maganda membamba, yamejikunja. Aliyajua maganda yale. Ni yeye peke yake anayetwanga tangawizi ya kahawa bila kuimenya, na kila jioni, kwa miaka tisa, machicha ameyamwaga mahali pamoja, nyuma ya jiko.

– Ni kahawa, alisema. Kahawa yangu.

Wakati huo huo msichana wa yadi wanayemwita Dada Bomba, yule anayeshika mpira wa maji, alikuwa amevuka barabara na chupa ya chai ya wenzake mkononi, kofia ngumu imemshuka mpaka kwenye nyusi. Aliwaona watu wazima wamesimama kuzunguka benchi lisilokaliwa na mtu, naye akainama, akatazama.

– Shikamooni. Samahani, alisema, kahawa imefikaje kwenye mchanga wa mto?

Fundi akamtazama Gia Tano. Gia Tano alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake, kwenye yale machicha yaliyobaki chini. Ni yeye aliyeegesha lori pale jana, kwenye kona ya mto, wakampakilia kutoka ukingoni, nyuma ya lile jiko. Alipandisha macho, akamwona Mama Birika, akayashusha tena.

Fundi akazishika chupa, moja kila mkono, akaziondoa.

– Mchanga ni wa yadi, alisema. Tripu zote arobaini.

Gia Tano akaweka kikombe ndani ya beseni taratibu, bila haraka hata kidogo, akamgeukia Dada Bomba.

– Mdogo wangu, lile geti lenu, lori kubwa linaingia kwa mbele au kwa nyuma?

– Kwa nyuma, kaka. Ila uje umefagia bodi, tuioshe kwanza. Hatupakii kwenye lori chafu.

– Hata lori nalo linaoshwa!

– Kwa maji yale yale, akasema Redio. Yenye uzoefu.

Benchi sasa lilikuwa wazi, lakini wanaume walibaki wamesimama. Mama Birika, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kukaa pale, akajishusha polepole katikati ya ubao, akanyoosha miguu.

– Mama, nimiminie na mimi, akasema Redio.

– Imekwisha, akajibu, na hakuinuka.