Magari Yote Yako Magunga

Jumapili hiyo asubuhi, kijiweni kwa Mama Liz hapo Sindo, Osoro alikuwa amevaa suti ya kuazima, na roho yake iko juu juu. Saa tano alitakiwa awe Magunga kwa kina Gesare, mchumba wake, kuongea mahari, pamoja na shangazi watatu walioapa kwamba kwa nguo zile hawapandi bodaboda. Sindo kuna magari matatu ya kukodi kwa simu: unalifungua, unaliendesha, unaliacha popote ulipofika. Simu ilionyesha yote matatu yako Magunga, nje ya kanisa.

— Ni harufu ya omena, hizi dagaa za ziwa, alisema Motari, fundi redio wanayemwita Injinia. Gari iko na pua. Radieta ni nini kama si pua? Inakimbia ziwa.

— Wacha hizo, akasema Obare, ambaye ni Profesa hapo benchini tu. Damu nzito kuliko maji. Moja ikienda, ndugu zake zinafuata. Tufunge moja hapa na kamba, zingine zitarudi zikilia.

— Tufunge gani, na hakuna hata moja? akauliza Osoro.

— Ndio maana nasema mapema.

— Mimi naona ni Sabato, akasema Injinia. Ijumaa jioni sisi Wasabato tunazipeleka zote kanisa, huko Magunga. Tukipata Wakatoliki watatu wa kutoka Magunga wakuje misa huku, Jumapili zinarudi zenyewe.

— Wakatoliki utatoa wapi saa hii? akauliza Profesa.

— Tutabatiza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mimi nakosa bibi, nyinyi mnabatiza! Osoro akafoka.

Hapo akatokea shangazi yake mkubwa, Bochaberi, kitenge kikimeta.

— Osoro, Ijumaa ulienda kanisa na gari?

— Ndio, shangazi.

— Na hawa wenzako?

— Ndio, mama, wakaitikia.

— Na jana mkarudi wote na lori ya kwaya. Mbona hakuna hata mmoja alirudi na gari?

Osoro alijua sababu: lori ni la bure, na watu huimba njia nzima. Lakini mtu atamwambiaje hivyo shangazi aliyejipamba tangu alfajiri? Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Simu ikalia. Alikuwa Gesare.

— Mko wapi? Baba ashakaa.

Osoro akampa shangazi mgongo.

— Gesare, akasema kwa sauti ndogo, hapo nje ya kanisa kuna magari. Chukua moja, ukuje utubebe.

Shangazi Bochaberi akashika kichwa.

— Hapo, mtoto wa ndugu yangu, umeongeza ng'ombe mbili.