Papa Hilaire Lofemba, Msomaji wa Komunike za Vifo

Mapadri wetu, wazee, majirani wa komini ya Tshopo, wenzake wa kazi, na ninyi wakubwa wa redio ambao mmefika mkachagua kukaa nyuma, karibuni. Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, ni Papa Hilaire Lofemba Litongo. Wengi wenu mnamjua kwa masikio tu, sura mmeiona leo kwenye picha. Familia imemtuma Larissa, mtoto wake wa tatu, huyu mnayemsikia, awasomee maisha ya baba yake, na imemwomba asome polepole bila hasira. Polepole atajaribu.

Papa Hilaire alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Barumbu, teritwari ya Basoko, mtoto wa pili wa Papa Léon Lofemba, mvuvi na mwuza samaki wa moshi, na Mama Clémence Bolumbu. Aliyemtangulia ni dada yake, Yaya Emérence. Mama yao alifariki mwaka 1965, na tangu hapo Yaya Emérence, mwenyewe bado mtoto, ndiye aliyembeba, akamlisha, akamwogesha mtoni. Papa Hilaire alichelewa sana kusema. Mpaka alipofika miaka mitano alikuwa ananyoosha kidole tu, na dada yake anasema kwa niaba yake: huyu anataka maji, huyu amechoka, huyu hapendi. Baadaye, alipojulikana kwenye redio, watu wa Barumbu walimtania kwamba utotoni alikuwa anaweka akiba ya maneno.

Shule ya msingi alisoma pale pale Barumbu. Mwaka 1973 alipanda boti kuja Kisangani kwa tonton wake, mjomba aliyekaa mjini, akasoma sekondari upande wa pedagogia, akapata diplôme d'État mwaka 1981 kwa asilimia hamsini na nane. Asilimia hiyo hakuipenda, na familia inaitaja hapa kwa sababu aliwakataza watoto wake wasiitaje. Alifundisha miaka mitatu kule upande wa Bangboka. Mwaka 1985 redio ya serikali ilitafuta wasomaji, akaenda kujaribu, akasoma Kifaransa, Kiswahili na Lingala, kisha akaongeza Kilokele ambacho hakuna aliyemwomba. Walimchukua. Mwaka 1999 alihamia redio ya watu binafsi, ambayo familia imekubaliana isitajwe jina hapa. Kila mmoja wenu anaijua.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni komunike za vifo, yale matangazo ya misiba. Wasomaji wengine walizikwepa, yeye alizidai. Wafiwa walikuja studio na karatasi yao, naye kabla ya kuichukua aliwapa kiti na maji. Halafu aliuliza, "Kwenye nyumba munamuitaka namna gani?" Kule mtoni mtu anaweza asijulikane kabisa kwa jina la kitambulisho, ila ukisema Tata Moke wa kivuko, kijiji kizima kinasimama. Alisoma kila komunike mara mbili, na katikati alinyamaza kidogo ili aliyesikia akimbie kumwita jirani. Na kabla ya jina la marehemu alisubiri. Aliwaambia watoto wake kwamba pale ndipo mama mzazi anapokaa chini, na ukimtangulia utamwangusha. Wakati wa vita ya siku sita hapa mjini, mwaka 2000, alisoma majina akiwa amelala chini ya meza, na hata chini ya meza alisubiri.

Kwa njia hiyo hiyo alimpata mke. Mwaka 1988 msichana mmoja wa Butembo, Marie-Jeanne Kaswera, ambaye baba yake aliuza vitambaa sokoni, alileta komunike ya nyanya yake. Hilaire alimwongezea maji mara tatu, na akamwomba amfundishe kutamka jina la marehemu kwa Kinande, ingawa alishalitamka vizuri tangu mara ya kwanza. Mama Marie-Jeanne anasema aliuona ujanja huo siku ile ile na akaamua kuuvumilia. Walifunga ndoa katika Katedrali ya Kisangani tarehe 5 Agosti 1989. Alipomaliza kusema kiapo, mbele ya padri na mkutano wote, Papa Hilaire aliongeza kwa mazoea, "Ni saa tano na dakika kumi, hapa Kisangani." Kanisa zima lilicheka, na bibi harusi alicheka mpaka akalia.

Sasa tunafika pale ambapo familia ilibishana kama iandike ama inyamaze. Tumeandika.

Aprili 2023, Directeur Franck, aliyekuwa ameingia kuongoza redio, alileta ile wanayoita akili bandia. Alimwambia, "Papa Hilaire, ni ya kukusaidia tu. Siku uko mugonjwa, mashine itasoma, weye utapumzika." Kwa majuma matatu Papa alifungiwa chumba kidogo, akasoma sentensi zisizo na mwanzo wala mwisho, mashine inasikiliza na kujifunza sauti yake. Tusimfanye malaika kwa sababu amelala hapa: alifurahi. Alirudi nyumbani amejaa kiburi, akawaambia wanawe, "Bon, hata nikilala, bado nitakuwa nasoma." Mwaka uliofuata wasomaji wengine wanne walipewa barua za kuwashukuru. Kwenye chumba cha habari alibaki Précieuse, binti anayepanga maandishi, na sauti ya Papa Hilaire ikisoma kila kitu, kuanzia mpira mpaka bei ya mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Yeye mwenyewe aliitwa mshauri, na hakuna aliyemwomba shauri.

Mwishoni mwa mwaka 2024 koo lilianza kumkwaruza. Februari walisema ni kansa. Machi 2025 alipasuliwa Kinshasa, wakatoa mahali pa sauti, akarudi Kisangani na tundu shingoni na ardoise, kibao cha mtoto wa shule alichoandikia kwa chaki. Ndani ya mwili wake sauti haikuwako tena. Kila asubuhi saa kumi na mbili aliisikia ikitoka kwenye redio ya jirani, nzima, ya miaka arobaini, ikiwasalimu watu aliokuwa hawezi kuwasalimu. Alikuwa anasimama, anakaa, anatoka uani, anarudi. Mama Marie-Jeanne alizima redio ya nyumba, lakini angezimaje ya mtaa?

Agosti alifariki rafiki yake Mahmoudi, aliyeuza vipuri vya baiskeli. Baada ya maziko mjane wake, Mama Safi, alikuja hapa nyumbani, akakataa kiti.

"Papa Hilaire, weye na Mahmoudi mulikula sahani moja," alisema. "Juu ya nini ulisoma jina yake sawa vile unasomaka bei ya mafuta? Haukupumua hata kidogo."

Papa alichukua ardoise akaandika: Haikuwa miye.

"Nilisikia na masikio yangu, papa. Usinidanganye, niko kwenye matanga."

Alifuta, akaandika tena, lakini Mama Safi alikuwa ameshageuka. Papa alikaa pale mlangoni na ardoise mapajani mpaka chakula kikapoa. Mama Safi yuko hapa leo. Alikuja wa kwanza kabisa, na tunamshukuru.

Kesho yake alipanda toleka, akajishikilia nyuma ya baiskeli na shingo yake iliyofungwa bandeji, akaenda kwa Directeur. Aliandika: Itangaze mupira, itangaze bei, itangaze mvua. Vifo, hapana. Directeur Franck alimjibu kwa upole, hatusemi uongo, "Papa, bantu banapenda sauti yako. Kule mutoni banatuma salamu kila siku. Tukiitosha hewani, banazima redio." Papa alipiga kidole juu ya neno lile la mwisho, hapana. Directeur akasema, "Alors, tutaona."

Wakati wakubwa wanaona, Papa Hilaire alienda kukaa na Précieuse. Kila asubuhi. Kila ilipokuja komunike, aligonga meza mahali pa kupumua, na Précieuse akaweka alama kwenye maandishi ili mashine ingoje. Aliwapigia wafiwa kwa simu ya binti huyo, yeye akiandika swali na binti akiuliza: kwenye nyumba munamuitaka namna gani? Ilipofika Oktoba, mashine ilikuwa inasoma vifo vizuri, hata bila kuwekewa alama. Ilisoma mara mbili. Ilisubiri kabla ya jina. Na Papa alirudi nyumbani akiwa na hasira zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu kadiri alivyoifundisha, ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba ni yeye. Angeiacha, ingewatukana marehemu. Akiitengeneza, anazidi kujifuta. Alimwandikia Mama Marie-Jeanne kwamba hajui tena amefanya kazi gani.

Huko Barumbu redio hiyo inafika kupitia antena ya Basoko. Yaya Emérence alikuwa ameambiwa habari za upasuaji. Alituma jibu, "Banamupasua shingo na bado anasoma vizuri? Donc amepona." Papa alitukataza tusimsahihishe. Alitaka apate nguvu, aende mwenyewe Noeli, dada yake amwone.

Nguvu hazikuja. Mwanzoni mwa Novemba alilazwa siku chache, akaomba arudishwe nyumbani. Papa Hilaire alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi jioni, nyumbani kwake komini ya Tshopo, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Mama Marie-Jeanne alisema neno moja tu kuhusu komunike: bwana yake hatajitangaza mwenyewe. Tulikubaliana tutafute mtu. Lakini binamu mmoja, kwa nia njema, alikuwa ameshatuma ujumbe kwenye namba ya redio. Précieuse hakuwa kazini. Alikuwa hapa, chini ya hema, analia pamoja nasi. Mashine ilipokea, ikapanga, ikasoma. Jumatano saa kumi na mbili asubuhi mji mzima ulimsikia Papa Hilaire akisema kwamba familia Lofemba inatangaza kwa huzuni kubwa kifo cha mpendwa wao. Kisha ikasubiri. Ilisubiri vile alivyoifundisha, halafu ikataja jina lake. Mama Marie-Jeanne alikuwa amesimama, akakaa chini.

Watu walikuja hapa wakitabasamu, wanauliza mchezo huu ni wa nini. Vijana wa toleka walimpigia Arsène, mwana wa kwanza, kumpa habari njema, "Papa iko muzima, tumetoka kumusikia." Aliyeumizwa zaidi ni yule wa mbali. Arsène alichukua boti ya mota Alhamisi, akamkuta Yaya Emérence mbele ya redio yake, anasonga lituma ya ndizi. Alipiga magoti, akamwambia. Shangazi alimtazama kwa huruma, kama mtoto aliyedanganywa na watu.

"Arsène, mutu anakufa, kisha anasoma komunike yake mwenyewe? Ile ni komedi ya redio. Hata leo asubuhi nilimusikia na mupira. Rudia Kisangani, umwambie mudogo yangu aache mchezo, aje."

Arsène alimwomba, akalia mbele yake, akamwonyesha picha kwenye simu. Shangazi alisema simu zinatengeneza picha siku hizi. Arsène alirudi jana jioni peke yake. Aliyemlea marehemu hakuja kumzika, na sisi hatuna la kumlaumu, kwa sababu ameamini masikio yake, na Papa mwenyewe alitumia maisha yake yote kumfanya ayaamini. Leo asubuhi, tukiwa tunamvalisha Papa koti, sauti imesoma tena habari.

Papa Hilaire ameacha mjane, Mama Marie-Jeanne Kaswera; watoto watano, Arsène, Chancelle, Larissa, Kataliko na Léon; wakwe watatu; wajukuu tisa; na dada yake, Yaya Emérence, ambaye mpaka saa hii bado anamngoja.

Directeur, tunakuona pale nyuma. Hatukuja kugombana mbele ya kaburi. Hatuombi fidia, hatuombi hotuba. Tunaomba kesho saa kumi na mbili sauti hiyo isisikike, wala kesho kutwa, wala siku nyingine. Wengine wasome, hata vibaya. Yaya Emérence atadhani ni mabatari, atayabadilisha. Atadhani ni antena, atatuma mtu aulize. Atapiga redio kwa kiganja. Halafu ataelewa, ataweka mwiko chini, na ataanza kumlia mdogo wake. Mpeni nafasi hiyo.

Papa Hilaire Lofemba Litongo apewe pumziko la amani, yeye mzima, pamoja na sauti yake.